Njia ya Tatu Mlimani Nyakariba

"Wanaongeza njia ya tatu," Matiasi alisema kabla hajavua kofia. "Na inakuja upande wetu."

Felisita alikuwa anamenya ndizi mlangoni, na hakuacha kumenya. Barabarani, hatua kumi na tano kutoka pale alipokaa, lori la mahindi lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, likinguruma mpaka sufuria zikatetemeka kwenye kichanja. Nyuma yake lilikuwepo lori jingine, nyuma ya hilo basi, na nyuma ya basi pikapu tatu za mashirika ya wakimbizi. Dereva wa pikapu ya kwanza alikuwa amelaza mkono kwenye honi.

Hivyo ndivyo siku zilivyokuwa tangu kambi zilipofunguliwa huko Benaco. Chakula cha watu laki kadhaa kilipanda mlima wa Nyakariba mbele ya nyumba ya Matiasi, na malori yakarudi matupu. Lori lililojaa lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Utingo aliteremka, akatembea kando yake na gogo begani, tayari kulitupa nyuma ya gurudumu. Magari mepesi yalisubiri nyuma mpaka madereva wakachoka. Wiki mbili zilizopita pikapu moja ilichoka pale kwenye kona, ikajitoa kulipita lori, ikakutana na jingine linaloteremka. Watu wanne walikufa. Felisita ndiye aliyetoa shuka la kuwafunikia, na halikurudishwa.

"Nani kasema?" aliuliza.

"Shibuda. Fundi mpimaji. Si ndiye ninayemshikia fito?" Matiasi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kibarua hicho cha kushika fito ya kupimia alikuwa nacho kwa mwezi mzima, na kilikuwa kimempa sauti ya mtu wa serikali. "Wanaopanda watapata njia mbili, wanaoteremka moja. Lori litajikokota pembeni, gari jepesi litapita kwenye njia ya katikati. Wanaopanda wako mkono wa kushoto. Na sisi tuko mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Basi umejibu."

"Hawawezi kuisogeza barabara nzima kidogo, iende bondeni?"

"Mama Leonidasi, barabara ni mkeka?"

Ndani, mama yake Matiasi, bibi Domisiana, alikuwa anachambua maharage na kusikiliza kila neno. "Na mbele huko?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Hiyo njia ya marori inafika wapi?"

"Inafika mlima unapoishia," Matiasi alijibu. "Njia ya kupandia inakwisha pale kupanda kunapokwisha. Kileleni tu. Pale kwa Niyongabo ni tambarare, hawana haja napo."

Alipotaja jina hilo, Felisita aliacha kumenya. Kisha Domisiana akasema, "Lile shamba alipewa na baba yako."

"Alipewa," Matiasi alisema. "Hakununua."

*

Niyongabo alikuwa amevuka kutoka Burundi miaka ishirini na miwili kabla, na mke wake Iteka akiwa mja mzito. Baba yake Matiasi aliwaonyesha pori ng'ambo kidogo ya kilele akawaambia wafyeke. Walifyeka, wakapanda migomba, wakajenga, wakabatiza watoto wanne katika parokia ileile na Wahangaza, wenyeji wa pale. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewaita wakimbizi. Mwaka ule wa kambi watu walianza kuwaita. Mtu akiibiwa mkungu wa ndizi, alipita mbele ya nyumba ya Niyongabo akisema kwa nguvu kwamba Warundi wamezidi. Sungusungu walikuwa wamewakusanya watu wawili watatu vijijini na kuwapakia kwenye gari kwenda kambini, na wengine kati ya hao walikuwa na migomba mirefu kuliko nyumba zao.

Matiasi alikwenda pale asubuhi iliyofuata, pamoja na mke na mama yake. Zamani alikuwa akimwamkia Niyongabo shikamoo. Siku hiyo alisema, "Habari za hapa."

Niyongabo alimtazama kwanza. "Nzuri," alisema. "Shikamoo, mama," akamwambia Domisiana.

"Marahaba."

"Mama miguu inamsumbua," Matiasi alianza. "Pale mteremkoni hawezi tena. Kupanda kwenda kisimani, kuteremka kurudi. Nimeona tubadilishane. Ninyi mhamie kwetu, sisi tuje hapa. Nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba."

Iteka, aliyekuwa anapepeta mtama, alicheka. "Shamba lako lina mawe kama meno ya ng'ombe. Migomba yako imekonda mpaka inatia huruma. Leo umeamka unataka ya kwangu?"

"Sikuwa naongea na wewe."

"Lakini mimi ndiye niliyepanda."

"Iteka," Niyongabo alimtuliza. Kisha akamgeukia Matiasi. "Ndugu yangu, nikikataa?"

Matiasi alivuta muda, akatazama migomba kana kwamba anaikagua. "Ukikataa, umekataa. Ila mwenyekiti ananiuliza kila siku, hawa watu wa pale juu walipewa ardhi, au waliazimwa? Mimi ndiye niliyebaki kujua. Nikisema baba aliwapa, ninyi ni watu wa hapa. Nikisema aliwaazima…" Hakumalizia. Barabarani basi lilipita kwa kasi, likiwa limeuacha mlima nyuma.

"Ulikuwa unakuja hapa kula maharage," Iteka alisema. "Nilikuwa nakuwekea ya chini, yenye mafuta."

"Yalikuwa maharage ya shamba la baba yangu."

Niyongabo aliinama akaokota jani kavu, akalivunjavunja. Iteka aliweka ungo chini. Hakumtazama tena Matiasi wala Domisiana. Alimtazama Felisita, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na mikono ndani ya kitenge.

"Felisita. Wewe hujawahi kunidanganya. Kuna nini huko kwenu mnachokikimbia?"

Felisita alihisi macho ya mume wake ubavuni. "Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu?"

"Ni miguu ya mama tu."

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa kijiji, mzee Gaspari, alikuja kushuhudia wakibadilishana. Kwenye pembe za kila shamba walipanda mramura, ule mti mwembamba wa majani marefu unaowekwa mipakani. Watu wakishaushika pamoja na kuutia ardhini, neno limekwisha, na anayeung'oa hapati tena wa kunywa naye pombe. Niyongabo aliushika mmoja pamoja na Matiasi. Domisiana, kwa kuwa ndiye mjane wa mwenye ardhi, alishika mche wa mwisho na kuukanyagia udongo kwa miguu yake yote miwili. Iteka alitazama miguu hiyo ikikanyaga kwa nguvu.

*

Walikaa kwenye nyumba ya Niyongabo majuma matano. Matiasi alipenda kukaa uani jioni akitazama barabara iliyonyooka. Magari hayakunguruma pale. Malori yalipofika juu yalibadilisha gia, yakakohoa, yakaanza kukimbia polepole kuelekea Rusumo.

"Umesikia?" alimwambia Felisita. "Hata sufuria zimetulia."

Felisita alisikia. Alisikia pia wanawake wawili kisimani wakisema kwamba Iteka amechimba mawe kwenye lile shamba la zamani mpaka kucha zimeng'oka.

Vigingi vilianza kupigwa Jumatatu. Shibuda, Msukuma mrefu mwenye kofia ya majani, alitangulia na chombo chake cha miguu mitatu. Matiasi alifuata na fito yenye rangi nyekundu na nyeupe, na vibarua wawili nyuma yake na nyundo. Walianzia chini kabisa ya mlima. Kila hatua ishirini na tano, kigingi. Walipokaribia kwenye kona ile ya ajali, Matiasi aliona kwamba vigingi vinahama. Badala ya kuja kushoto, kwenye ile nyumba yake ya zamani, vilikuwa vinavuka kwenda kulia, upande wa bonde.

"Fundi, tumekosea," alisema. "Si ulisema upande wa wanaopanda?"

"Ni mwamba huu." Shibuda alipiga teke ukingo wa jiwe jeusi uliotokeza juu ya nyumba. "Tumetoboa, tumekuta jiwe tupu mpaka chini. Baruti yake ingeteketeza fedha yote ya mradi. Tutajenga ukuta bondeni, barabara nzima isogee kule. Wanaopanda watachukua njia mbili za sasa, wanaoteremka watapewa ile mpya. Hesabu ni ileile, tatu."

"Kwa hiyo hapa…"

"Hapa hatugusi hata jani."

Iteka alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Matiasi alipita na fito yake akitazama mbele.

Walifika kileleni adhuhuri. Matiasi alichomeka fito ardhini akajifuta jasho. "Basi tumemaliza," alisema. "Mlima umekwisha."

Shibuda alikuwa anachungulia ndani ya chombo. Alimpungia mkono. "Endelea mbele."

"Fundi, hapa ni tambarare. Hakuna kinachopanda."

"Nani kakuambia tunapima mlima? Tunapima lori." Shibuda aliinua kichwa. Vibarua walikuwa wamekaa chini, na alipenda kuwa na wasikilizaji. "Tazama lile linalokuja. Limefika juu, sivyo? Linakwenda mwendo gani?"

Lori la mafuta ya kula lilikuwa limefika kileleni. Utingo alikuwa bado anatembea kando yake, akila karanga.

"Mwendo wa utingo," kibarua mmoja alisema, na wote wakacheka.

"Sasa mimi niikate njia yake hapa," Shibuda aliendelea, "nimwambie dereva, haya, mlima umekwisha, rudi katikati na wenzako. Arudi na mwendo huo wa utingo, mbele ya basi lililopanda kwa kasi kwenye njia ya pili na ambalo haliuoni upande huu wa kilele. Nitakuwa nimeongeza njia ya kuulia watu. Njia ya tatu haiishii mlima unapoishia. Inaishia lori linapopata mwendo wake. Hapa, kwa mzigo huu, ni mita mia nne. Na huku hakuna mwamba, tunarudi kushoto kwetu kama kawaida. Endelea mbele."

Matiasi aliendelea. Alipita kisima, akapita mramura uliokwishachipua majani mawili mapya. Kila alipogeuka, mkono wa Shibuda ulimwashiria asogee kushoto. Alisogea. Alipita shina la mgomba wa kwanza, wa pili, akaingia uani kwake mwenyewe. Kuku walimkimbia. Felisita alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Unafanya nini hapa na hiyo fito?"

"Kushoto kidogo!" Shibuda alipiga kelele kutoka mbali.

Matiasi alisogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba.

"Hapohapo! Shikilia!"

Kigingi kilipigwa mbele ya miguu yake. Kibarua wa pili alifungua kopo la rangi nyekundu na kuchora X ukutani, kubwa, toka usawa wa dirisha mpaka chini. Domisiana, aliyekuwa amelala, aliamka kwa sababu ya harufu ya rangi.

Shibuda alipofika alisoma kwenye daftari lake, akamtazama Matiasi, akasoma tena. "Subiri. Hapa si palikuwa pa mtu mwingine? Niyongabo?"

"Tulibadilishana."

"Lini?"

Matiasi aligeukia ukuta. Felisita alitaja mwezi.

Shibuda akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Yaani nilikwambia siri ya kazi, ukakimbia kuja kukaa kiti cha mbele!" Alifunga daftari. "Pole, bwana. Lakini waliohamia baada ya vipimo kuanza hawana fidia. Nyumba hii sasa inatoka kwenye orodha. Mna wiki tatu. Greda haina masikio."

*

Kesho yake Matiasi alikuwa kwenye nyumba yake ya zamani kabla watu hawajanywa uji.

"Mambo yamebadilika," alimwambia Niyongabo. "Mama hajapazoea kule. Turudishiane."

"Miguu imepona?" Iteka aliuliza kutoka ndani.

"Niyongabo, nazungumza na wewe."

"Nakusikia," Niyongabo alisema. "Mramura uliushika kwa mikono yako."

"Mramura ni wa wenyeji. Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

Iteka alitoka. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa vya kanga iliyochanika, na udongo ulikuwa umeingia ndani ya vitambaa. "Ulinitoa kwenye nyumba niliyozalia watoto watatu ukidhani unanisukuma mbele ya lori," alisema. "Umefika mwenyewe mbele ya lori. Kaa hapo. Sasa toka uani kwangu."

"Kwako!" Matiasi alitema mate. "Tutaona ofisini. Kesho kutwa mtakuwa kambini mnapanga foleni ya mahindi."

Na kijiji kikawa upande wa Matiasi. Hakuna aliyempenda sana, lakini alikuwa wao. Usiku mmoja mtu asiyejulikana alikata migomba saba ya Niyongabo. Watoto shuleni walimwita mtoto wake wa mwisho "kadi ya mgawo". Mzee Gaspari, ambaye alitaka tu kuumaliza mwaka kwa amani, alitangaza kwamba shauri litasikilizwa Jumapili baada ya misa.

Jumamosi Matiasi alimfundisha mke wake maneno. "Utasema tulikubaliana msimu mmoja tu. Kwamba tuliazimana. Mama atasema hivyohivyo. Wakisikia watu watatu, basi."

"Na mramura?"

"Utasema ulikuwa wa kupamba."

"Baba Leonidasi, nani anapamba kwa mramura?"

"Nyumba inabomolewa baada ya wiki mbili!" Matiasi alipiga meza. "Mvua zinakuja. Mama yangu alale wapi? Mtoto akirudi kutoka shule alale wapi? Au una kwenu kwingine? Rudi Nyabusozi, kama kaka zako watakupokea."

Felisita alijua kwamba hawatampokea.

*

Watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji wakiwa bado na nguo za kanisani. Walioketi ni wazee, wengine walisimama. Niyongabo na Iteka waliachiwa nafasi kubwa pembeni, hakuna aliyetaka kusimama karibu nao.

Matiasi alisema vizuri. Alisema baba yake alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma ile imegeuzwa mali. Alisema aliwaazima wageni shamba, kisha akaazimana nao nyumba kwa msimu mmoja kwa sababu ya miguu ya mama, na sasa wageni wanamfungia mlango wa nyumba ya baba yake. "Je, huku ndiko kukaribisha?" aliuliza, na watu wakasema, "Hapana!"

"Wapelekwe kwa wenzao!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Gari la kambi linapita kila siku, lisimamishwe!"

Gaspari aligonga meza. "Bibi Domisiana. Ulikuwepo. Mramura uliushika?"

Domisiana alikuwa amejifunga kitenge chake cha Krismasi. "Niliushika," alisema. "Ila macho yangu hayaoni vizuri. Sikumbuki ulikuwa wa nini."

Watu wengine waliguna. Gaspari mwenyewe alikuwepo siku ile, na kila mtu alijua kwamba alikuwepo. Lakini alikuwa akitazama umati, akipima ni wangapi. "Felisita," alisema. "Na wewe?"

Felisita hakuwahi kuzungumza mbele ya mkutano. Hata kwenye jumuiya, alipopewa zamu ya kusoma, aliomba mwingine asome. Alisimama. Maneno aliyofundishwa yalikuwa yamepangwa kichwani, mafupi, rahisi kuyasema.

"Tulikubaliana," alianza.

"Msimu mmoja," Matiasi alinong'ona.

Kabla hajaendelea, Iteka alisogea hatua moja mbele. Hakupiga kelele. "Felisita, siku ile nilikuuliza neno moja. Nakuuliza tena lilelile, mbele ya watu hawa. Mlikuwa mnakimbia nini?"

"Nyamaza, Mrundi!" sauti ilisema.

"Namuuliza yeye."

Felisita alitazama mikono ya Iteka. Vitambaa vilikuwa vimebadilishwa vikawekwa vipya kwa ajili ya kanisa, lakini damu ilikuwa imeanza tena kupenya kwenye kidole gumba. Alifikiri juu ya mvua. Alifikiri juu ya Leonidasi, na juu ya ukuta wenye X. Aliyafikiria yote hayo kwa pamoja, na hata hivyo mdomo wake ulikataa kusema mara ya pili kile ulichosema mara ya kwanza.

"Njia ya tatu," alisema. "Tulijua inakuja. Mume wangu aliambiwa na fundi. Tulijua itapita kwenye nyumba yetu, tukadhani itaishia kileleni. Ndiyo maana tukabadilishana. Miguu ya mama haikuwa na kitu. Hatukuazimana. Tulishika mramura, na mzee mwenyekiti alikuwepo."

Wazee waligeuka kumtazama Gaspari. Kisha kelele zikaanza, lakini hazikuelekezwa tena kwa Niyongabo. "Mwanamke gani huyu!" "Anamuuza mume wake mchana kweupe!" "Amelishwa nini na Warundi?" Mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba naye kwaya alivuta kanga yake ili isimguse.

Gaspari alijifuta uso kwa leso. Sasa alikuwa ametajwa, hakuwa na pa kujificha. "Mramura upo," alisema kwa haraka, kama anayemeza dawa. "Mimi niliuona. Kila mtu abaki alipohamia. Shauri limekwisha."

Matiasi hakumpiga mke wake. Njiani alitembea mbele kama kawaida, na walipofika nyumbani aliyasema maneno matatu tu. "Umetuvua nguo, mwanamke." Domisiana aliingia ndani akajifungia. Tangu siku hiyo Felisita alipika, nao wakala, lakini aliyetaka chumvi aliinuka kuichukua mwenyewe kuliko kumwomba.

*

Mvua iliwahi wiki moja kabla ya greda. Walianza kubomoa wenyewe ili waokoe milango na miti ya paa. Nyuma ya vigingi, mahali palipobaki, palikuwa padogo na penye mteremko. Kibanda walichoanza kukijenga kilianguka mara mbili kwa sababu ya udongo mlaini. Domisiana alilala usiku mbili chini ya turubai la bluu lililonunuliwa kwa watu wa kambi. Asubuhi ya tatu alikuwa anatetemeka, na gunia la mbegu za maharage lilikuwa limeanza kulowa chini.

"Nenda kwa rafiki yako," Matiasi alimwambia Felisita. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema naye baada ya siku nyingi. "Uliyempa nyumba. Mwambie ampe mama chumba, na mahali pa kuweka mbegu, mpaka tuezeke."

Felisita alikwenda. Iteka alikuwa uani na majirani wawili, wakipukuchua mahindi. Hakumwambia karibu. Felisita alisimama kwenye manyunyu akaeleza shida yake mpaka mwisho, na majirani wale wakasikiliza bila haya.

"Usidhani nakushukuru," Iteka alisema alipomaliza. "Ulisema kweli baada ya kunihamisha. Ungeisema siku ile, migomba yangu ingekuwa na kibali cha fidia, na mimi ningekuwa na kucha."

"Najua."

"Mkwe wako alikanyaga udongo wa mramura kwa miguu yote miwili. Niliiona miguu hiyo. Mizima kabisa."

"Najua, Mama."

Iteka aliendelea kupukuchua mpaka akamaliza gunzi moja. "Bibi aje. Mbegu zije. Sitamlaza mtu mzima kwenye mvua. Lakini wewe usije kuniombea kitu hapa. Mwenye mama ni yeye. Aje yeye mwenyewe, aniombe mimi. Si mume wangu. Mimi."

Matiasi alikataa siku nzima. Siku iliyofuata, homa ilipompanda mama yake, alibeba gunia kichwani akaanza kuteremka, Domisiana nyuma yake akiegemea bega la Felisita. Upande wa bondeni ukuta wa mawe ulikuwa umeshaanza kuinuka, na vibarua waliokuwa wakipanga mawe waliacha kazi wakatazama. Malori yalikuwa yanapanda, moja nyuma ya jingine, na utingo mmoja alimwuliza Matiasi kama anahama tena.

Alisimama mbele ya mlango aliozaliwa nyuma yake. Ndani zilisikika sauti za watu na mlio wa vijiko. Hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango ule tangu azaliwe.

"Hodi," alisema.

Lori lilikuwa linapita. Hata Felisita, aliyekuwa karibu naye, hakusikia vizuri. Alingoja lipite, lakini nyuma yake lilikuwepo jingine, na nyuma ya hilo basi lililojaa abiria, na wote walikuwa wanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, wakitazama dirishani.

"Sema kwa nguvu," Domisiana alisema, meno yakigongana.

Matiasi aliteremsha gunia. "Hodi!" alipiga kelele.

"Nani?" Iteka aliuliza, ingawa dirisha lilikuwa wazi na alikuwa anamwona.

"Mimi. Matiasi."

"Matiasi yupi?"

Abiria mmoja kwenye basi alicheka. Matiasi alijipangusa maji ya mvua usoni. Kijijini palikuwa na Matiasi mmoja tu.

"Wa pale juu," alisema. "Tuliobomolewa. Nimemleta mama. Naomba umpokee."

Komeo liliondolewa. Mlango ulifunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita. Mkono uliofungwa vitambaa ulitoka, ukamshika Domisiana kwenye kiwiko, ukamwingiza. Kisha ulitoka tena, ukavuta gunia. Matiasi na Felisita walibaki uani kwenye mvua, kila mmoja upande wake, wakisikiliza kama kuna mtu atakayewaambia wangoje au waende.